Meno ya mtoto: mwongozo kamili wa kuyatunza na kumpata daktari anayefaa

Wazazi wengi humpeleka mtoto kwa daktari wa meno siku shavu limeshavimba na nyumba nzima haikulala. Siku hiyo hakuna anayechagua daktari. Unaingia mlango wa kwanza ulio wazi, jino linang'olewa, na mtoto anatoka pale akiwa na hofu atakayokaa nayo miaka. Daktari wa meno hutafutwa mtoto akiwa mzima, na kazi nyingine kubwa hufanyika nyumbani, usiku, mbele ya karai la maji.

"Yatang'oka tu"

Kauli hii imeharibu meno mengi kuliko pipi. Meno ya utotoni ni 20, kumi juu na kumi chini. Ya mbele huanza kulegea mtoto akikaribia miaka 6, lakini magego ya utotoni hayaondoki wakati huo. Yanatakiwa kukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Kwa hiyo gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 4 bado lina miaka sita au zaidi ya kutafuna.

Tena kila jino la utotoni limeshika nafasi ya mwenzake wa ukubwani aliye chini yake. Gego la utotoni la nyuma likitolewa mapema, gego la ukubwani lililo nyuma yake husogea mbele na kuikalia nafasi ile. Jino lililokuwa linangoja chini hukosa njia, likatoka upande au likakwama kwenye mfupa. Baadhi ya meno yaliyopandana ya watoto wa miaka 12 yalianzia hapo.

Gamba gumu la nje la jino la utotoni, yaani enameli, ni jembamba kuliko la jino la ukubwani. Ndiyo maana tundu dogo linaweza kufika kwenye kiini cha jino ndani ya miezi michache.

Yanavyoota

Meno mawili ya mbele chini huota kati ya miezi 6 na 10, ya juu hufuata kati ya miezi 8 na 12. Magego ya kwanza huja karibu na miezi 13 hadi 19, chonge miezi 16 hadi 23, na magego ya mwisho ya utotoni miezi 23 hadi 33. Kuchelewa kidogo si ugonjwa. Mtoto akifika miezi 18 bila jino hata moja, apelekwe akaangaliwe.

Kuota meno huleta udenda, fizi kuwasha na kukosa raha. Hakuleti homa kali wala kuharisha. Mtoto anayeota meno akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, anatafutiwa malaria na maambukizi mengine kama mtoto mwingine yeyote.

Hapa ndipo watoto wanapoumizwa kwa kile kinachoitwa "meno ya plastiki" au "nailoni". Mtoto mchanga anaharisha, mtu anafunua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi mahali pa chonge, anasema hayo ndiyo yanayomla mtoto, kisha anayachimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli. Uvimbe ule ni chonge za kawaida za utotoni zikiwa bado changa ndani ya ufizi. Kuzichimbua huleta kuvuja damu, pepopunda na sumu kwenye damu, na wapo watoto waliokufa. Aliyepona anaweza kuota chonge za ukubwani zilizopinda, au asiote kabisa. Mtoto anayeharisha anahitaji ORS, zinki na kituo cha afya. Bibi au jirani akishauri vinginevyo, mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie.

Kupiga mswaki, hatua kwa hatua

Anza siku jino la kwanza linapochungulia. Kabla ya hapo, kitambaa laini kilicholoweshwa maji safi kinatosha kufuta fizi mara moja kwa siku.

Kwanza vifaa. Mswaki uwe na kichwa kidogo na nyuzi laini. Nyuzi zikishatawanyika kama ufagio wa zamani, au miezi mitatu ikipita, badilisha. Kila mtoto na mswaki wake. Kwenye dawa ya mswaki, soma boksi: tafuta neno fluoride, yaani floraidi, madini yanayoimarisha jino, na tarakimu iliyo kati ya 1000 na 1500 ikifuatwa na ppm, kipimo cha wingi wake. Dawa nyingi zenye picha za katuni zina floraidi pungufu au hazina kabisa, na hizo hutoa harufu nzuri tu. Dawa ya watu wazima ya kawaida inamfaa mtoto. Kinachobadilika ni kiasi. Mswaki wa mti unaotumika sana pwani unaondoa ukoga vizuri kwa anayejua kuutumia, ila hauna floraidi hiyo, na mtoto mdogo hawezi kuufikisha kwenye magego.

1. Weka dawa. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje moja ya mchele, ikipakwa iingie ndani ya nyuzi. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje moja ya njegere. Tangazo la televisheni linaonyesha dawa imejaa mswaki mzima. Kwa mtoto hiyo ni nyingi mno.

2. Mweke mtoto mahali pake. Mchanga alale mapajani mwako, kichwa kikielekea tumboni kwako. Mkubwa kidogo asimame mbele yako akiwa amekupa mgongo, aegemeze kichwa kwenye kifua chako. Ukisimama mbele yake mkitazamana huoni magego ya juu.

3. Inua mdomo kwa kidole. Laza nyuzi zigusane na mpaka wa jino na ufizi, kisha zungusha mswaki taratibu, meno mawili mawili. Kusugua kwa nguvu hakuongezi usafi, kunaumiza fizi na kumfanya mtoto auchukie mswaki.

4. Fuata njia ileile kila siku ili usiruke mahali: nje ya meno ya juu kutoka kulia hadi kushoto, nje ya chini, kisha ndani ya juu, ndani ya chini, mwisho sehemu za kutafunia. Jumla dakika 2.

5. Ateme, basi. Asisukutue kwa maji. Hili ndilo kosa linalofanyika karibu kila nyumba: maji yakipita, floraidi inaondoka kabla haijafanya kazi. Anayeshindwa kutema, mfute mdomo kwa kitambaa.

Mara mbili kwa siku, na kama siku imekuwa ngumu, usiku usikose. Mtu akilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayoyakinga meno. Baada ya mswaki wa usiku ni maji matupu tu.

Na nani anapiga? Wewe, mpaka mtoto afike miaka 7 au 8. Mwache aanze mwenyewe apate raha yake, kisha umalizie. Mkono wa mtoto wa miaka 4 hauwezi kazi hii, hata akiwa hodari namna gani. Meno yakianza kugusana bila mwanya, pitisha uzi wa meno katikati ya magego, hata mara tatu kwa wiki ni msaada.

Sukari: hesabu mara, si vijiko peke yake

Kila sukari inapoingia mdomoni, vijidudu vya kwenye ukoga huigeuza asidi, na asidi hiyo hula jino kwa karibu nusu saa kabla mate hayajatuliza. Mtoto anayekunywa kikombe kimoja cha chai ya sukari akamaliza, ameshambuliwa mara moja. Anayetembea na chupa ya juisi akinyonya kidogo kidogo tangu asubuhi hadi mchana meno yake hayapumziki kabisa.

Vibaya zaidi ni vinavyoganda: ubuyu wa rangi, kashata, pipi, biskuti zinazonasa kwenye mashimo ya magego. Kama vitaliwa, viliwe pamoja na mlo. Chupa ya uji wa sukari au maziwa yenye sukari isilale na mtoto kitandani. Ndiyo inayoozesha meno manne ya mbele juu mpaka yanabaki visiki vyeusi. Mtoto akitimiza mwaka ahamie kikombe. Dawa nyingi za maji zina sukari pia, kwa hiyo mtoto anayetumia dawa kila siku ulizia yenye sukari kidogo, au mpe kabla ya mswaki.

Inua mdomo mara moja kwa mwezi

Mchana, karibu na dirisha, inua mdomo wa juu utazame meno yanapokutana na ufizi. Mstari mweupe kama chaki, usio na mng'ao, ni uozo unaoanza. Hapo bado unarudi nyuma kwa floraidi, mswaki na kupunguza sukari. Rangi ya kahawia yenye ukwaruzo au shimo: hatua imepita, inahitaji daktari. Kipele kwenye ufizi juu ya jino, kinachotoka na kupotea, ni usaha unaotafuta njia hata kama mtoto halalamiki. Maumivu yakitulia ghafla bila matibabu, jino halijapona. Mara nyingi kiini chake kimekufa.

Gego la miaka 6

Hili linastahili sura yake. Karibu na umri wa miaka 6, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, huota magego manne ya ukubwani. Hakuna jino linalong'oka kuyapisha, hivyo mzazi hajui kuwa yamekuja, na anayeyaona huyadhania ya utotoni. Yanaweza kuchukua mwaka kupanda mpaka kulingana na wenzake, na wakati wote huo mswaki hupita juu yake bila kuyagusa. Yana mifereji myembamba kuliko unyuzi wa mswaki. Matokeo yake, jino la kwanza la ukubwani kuota ndilo huwa la kwanza kutoboka.

Fanya mambo mawili. Mtoto akitimiza miaka 5 na nusu, kila usiku ingiza mswaki kutoka kona ya mdomo, uulaze kukatisha mstari wa meno, usugue nyuma kabisa. Kisha gego likishatoka lote, omba daktari azibe mifereji yake kwa utando maalumu. Kazi hiyo haina sindano na hukamilika kwa dakika chache. Hayo hayo yarudiwe kwa magego yanayoota karibu na miaka 12.

Wakati huohuo utaweza kuona meno ya ukubwani ya chini yakiota nyuma ya yale ya utotoni, safu mbili. Usishtuke wala usikimbilie koleo. Mwambie mtoto alitikise jino la mbele kwa ulimi. Likikaa miezi miwili au mitatu bila kulegea, mpeleke.

Mnaoishi Arusha, Kilimanjaro, Manyara, au Bonde la Ufa Kenya

Maji ya sehemu nyingi huko yana floraidi asilia kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi ikizidi wakati enameli inajengwa ndani ya taya, meno ya ukubwani huota na madoa meupe au ya kahawia. Huo si uchafu, hausuguliki, na mtoto asichekwe. Kuchemsha maji hakusaidii, maana maji yanapungua na floraidi inabaki. Maji ya mvua yana floraidi ndogo sana. Yatumie kwa maji ya kunywa, uji na maziwa ya mtoto mdogo. Vichujio vya mkaa wa mifupa, vilivyofanyiwa utafiti kituo cha Ngurdoto, huipunguza pia. Epuka magadi kwenye maharage na makande ya mtoto, kwa sababu magadi ya kule yanaweza kubeba floraidi nyingi. Dawa ya mswaki iendelee kwa kiasi kidogo kilichotajwa, ateme, na uulize daktari wa huko kuhusu kiwango cha maji yenu.

Kumchagua daktari

Ziara ya kwanza iwe kabla ya mtoto kutimiza mwaka, au ndani ya miezi 6 tangu jino la kwanza. Mtafute mapema, na utafute kwa mpango huu.

Jua kwanza nani ni nani. Daktari wa kinywa na meno amesoma shahada, Tanzania mara nyingi Muhimbili, na Kenya vyuo kama Nairobi na Moi. Tabibu wa kinywa na meno ana stashahada. Anaweza kukagua, kuziba na kung'oa, na ndiye utakayemkuta vituo vingi vya wilaya. Kwa kazi za kawaida anatosha kabisa. Bingwa wa meno ya watoto amesoma zaidi ya hapo. Ni wachache, na unamhitaji kwa mtoto mwenye ugonjwa wa moyo, ulemavu, meno mengi mabovu kwa pamoja, au hofu isiyotulia. Anayetengeneza meno ya bandia si daktari wa meno, hata akivaa koti jeupe.

Thibitisha usajili. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar ina baraza lake, na Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, ambako jina la daktari linaweza kutafutwa mtandaoni. Cheti kinatakiwa kiwe ukutani na leseni iwe ya mwaka huu. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kisha piga simu au pita pale bila mtoto, uulize haya: Mnapokea watoto chini ya miaka 3? Jino la utotoni likitoboka, mnafanyaje? Jibu likiwa "tunang'oa" na hapo hapo likaishia, endelea kutafuta. Mna mashine ya picha ya meno? Mzazi anaruhusiwa kuingia? Bei ya kukagua, kuziba na picha ni ngapi, na bima yetu inalipia kuziba au kung'oa tu? Swali hili la mwisho wengi hulisahau, wakajikuta kung'oa ni bure na kuokoa jino ni fedha taslimu.

Tazama usafi. Vifaa vitoke kwenye pakiti iliyofungwa na ifunguliwe mbele yako. Viwe vimepita kwenye otoklevu, mashine ya mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika zisizopungua 3. Koleo lililolowekwa kwenye beseni la dawa halijatakaswa. Sindano ya ganzi na kichupa chake ni vya mtoto mmoja tu, hata kama dawa imebaki.

Tazama anavyozungumza na mtoto. Daktari mzuri kwanza anamweleza, kisha anamwonyesha kifaa kwenye ukucha wa kidole, ndipo anakiingiza mdomoni. Mtoto akinyanyua mkono, anasimama. Anayeanza kwa kumkaripia au kuwaita wasaidizi wanne wamshike kwa jambo lisilo la dharura, mshukuru uondoke. Anayetaka kung'oa meno kadhaa siku ya kwanza bila picha wala maelezo, pata maoni ya pili. Na anayekupa antibiotiki kila uvimbe unaporudi bila kuligusa jino anaahirisha tatizo. Dawa hupunguza uvimbe, chanzo kinabaki kwenye jino. Dawa ya usingizi kamili itolewe hospitalini, akiwepo mtaalamu wa usingizi, si kwenye chumba cha kliniki ya mtaani.

Siku yenyewe

Nenda asubuhi, mtoto akiwa ameshiba kiasi na hana usingizi. Beba kadi ya kliniki na dawa anazotumia. Sema bila kuulizwa kama ana siko seli, tatizo la moyo, pumu, mzio, au damu isiyokata haraka. Nyumbani usimwambie "hutachomwa sindano", kwa kuwa hujui. Usimtishie pia kwa kusema "ukila pipi nitakupeleka akung'oe". Mwambie daktari atahesabu meno.

Baada ya hapo, kila miezi 6. Mwenye madoa meupe au matundu, kila miezi 3.

Tiba utakazosikia

Kupaka floraidi nzito kila miezi 3 hadi 6: rahisi, haiumi, inafaa watoto karibu wote. Dawa yenye madini ya fedha, SDF, husimamisha uozo bila kuchimba lakini sehemu iliyooza hubaki nyeusi, uambiwe kabla. Kuziba kwa njia ya ART, ambapo uozo huondolewa kwa vifaa vya mkono na tundu kujazwa saruji yenye floraidi, haihitaji umeme, na ilianza kutumika hapa Tanzania miaka ya 1980 kabla ya kusambaa duniani. Inafanya vizuri kwenye tundu la upande mmoja wa jino. Likigusa pande mbili, mara nyingi hudondoka. Gego lililoharibika sana linaweza kuvikwa kofia ya chuma, nayo hudumu kuliko kuziba. Kuhusu amalgamu, yaani kijazio cha jino chenye zebaki, nchi za Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana mwaka 2022 isitumike kwa watoto chini ya miaka 15 isipokuwa daktari akiona ni lazima, hivyo una haki ya kuomba nyingine.

Jino likilazimika kung'olewa, uliza kama panahitajika kifaa cha kulinda nafasi. Mtoto aume pamba dakika 20 hadi 30, asisukutue siku hiyo. Mlinde mpaka ganzi iishe, saa 2 hadi 3, maana watoto hutafuna midomo yao wakiwa na ganzi na kuamka na vidonda vibaya.

Jino likiuma usiku

Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, toa chakula kilichonasa kwa uzi. Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 14 akitumia ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, mililita 7.5 zinamtosha. Asipewe aspirini. Usiweke kwenye jino maji ya betri, mafuta ya taa, ugoro wala kidonge kilichosagwa. Vyote huunguza ufizi.

Uvimbe unaopanda kuelekea jicho, unaoshuka shingoni, homa, kushindwa kumeza au kufungua mdomo: hospitali usiku huohuo.

Jino lililong'oka kwa kuanguka

La utotoni lisirudishwe, litaumiza la ukubwani lililo chini. La ukubwani linaweza kupona, na dakika ndizo zinazoamua. Lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lioshe sekunde chache tu kwa maziwa au maji, bila kusugua. Lirudishe kwenye tundu lake, uso wa nje ukitazama nje, mtoto aume kitambaa safi kulishikilia. Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa freshi, si mtindi. Yasipokuwepo, mtoto ateme mate kwenye kikombe, jino likae humo. Usilifunge kwenye karatasi kavu. Fikeni kwa daktari ndani ya nusu saa mkiweza, saa moja isipite. Atalifunga na wenzake kwa karibu wiki 2 na kuangalia kama chanjo ya pepopunda imekamilika.